Tulikuja kwa Upendo, Hatukukukuta

Kanisa letu lilichapisha kadi elfu moja za rangi ya waridi. Juu zimechorwa mikono miwili inayoshikana, na katikati yameandikwa maneno: "Mpendwa, tulikuja kwa upendo, hatukukukuta." Chini kuna mstari wa kujaza tarehe. Kadi hizi husukumwa chini ya mlango wa mtu ambaye haonekani ibadani. Ukifikisha tatu, na ukakosa Jumapili kumi na mbili mfululizo, utaratibu unasema wewe umepoa, na mtu aliyepoa anasomwa kwenye matangazo. Anasomwa jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, ili hata marehemu waaibike pamoja naye.

Nayajua haya kwa sababu orodha nilikuwa naiandaa mimi. Nilisoma diploma ya utunzaji wa kumbukumbu nikafika nusu, na wazee wa kanisa wakaona nusu hiyo inatosha kwa daftari la mahudhurio. Basi nilikuwa nakaa pale mlangoni na kalamu yangu, naweka alama. Lakini habari hii si yangu. Ni ya mama yangu mdogo, mtu ambaye nikimsimulia kwa upole nitakuwa nimemsingizia.

Mama mdogo anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Anasimama mbele ya ile pasi kubwa ya roli, mashuka yanaingia upande huu yamelowa na kutoka upande ule yamenyooka, na mvuke unapanda mpaka darini. Mikono yake ina alama za kuungua kuanzia kiganja mpaka kiwiko, kama ngazi. Kwa kuwa mashine zinanguruma kutwa, amezoea kupaza sauti, na hata akinong'ona mtu wa jengo la pili anageuka. Wenzake wakampa jina la Mvuke. Jina likatoka naye kazini, likaja nyumbani, likaingia kanisani.

Akikupenda anakugombeza. Asipokupenda anakusalimia vizuri na kukuuliza habari za nyumbani. Mimi amenigombeza tangu nikiwa na meno mawili, kwa hiyo najua ninapendwa.

Mtu aliyegombezwa naye kuliko wote duniani ni rafiki yake mshonaji, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Kwenye kwaya walikaa pamoja miaka kumi na minane, sauti ya pili, Fundi kushoto na mama mdogo kulia, wanakanyagana miguu mmoja akipotea wimbo. Majoho yote ya kwaya ameyashona Fundi. Halafu siku moja mama mdogo akamwambia mbele za watu kwamba pindo la joho lake limekwenda upande. Fundi akasema upande si wa pindo, ni wa aliyelivaa. Wakanuniana. Jumapili iliyofuata Fundi hakuja. Na iliyofuata. Mama mdogo akasema, "Mwache. Atachoka kununa, atarudi." Lakini kila ibada alikuwa anatazama ile nafasi pembeni yake, na ole wake aliyetaka kuikalia.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: yule mwanamke arudi. Ila hakujua kukitaka bila kukunja ndita.

Mama mdogo alikuwa pia kwenye kamati ya kuwatembelea waliopoa. Niwaeleze wanavyotembelea, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Wanakwenda Jumamosi saa kumi, watu saba, na vitambaa vya njano begani. Wanasimama mlango wa mbele, wanaimba beti mbili. Wanabisha. Wanaimba ubeti mmoja tena. Mlango usipofunguliwa, wanaomba, wanaacha kadi, wanaandika kwenye fomu "hakufungua," wanakwenda kwa mwingine. Wimbo unasikika mtaa wa tatu. Mtu anayetaka kukimbia anapata muda wa kufunga na mizigo. Nilimwuliza mmoja wao kwa nini wasiende wawili, kimya kimya. Akanitazama kama nimemwambia aende kuiba. "Upendo haufichwi," akasema.

Kwa Fundi walikwenda Jumamosi tatu. Mama mdogo alikuwemo zote tatu, na aliimba kwa nguvu kuliko wote, kwa makusudi, ili mtu fulani humo ndani ajue nani yuko nje. Mlango haukufunguliwa. Kadi tatu.

Jumapili ya kumi na mbili Katibu wa kanisa akasimama na orodha. Katibu huyu anasoma majina ya waliopoa kama mwalimu anayesoma waliofeli: taratibu, na akimaliza jina anainua macho. Spika yetu imefungwa juu ya mnara, inatazama barabara, ili na wasiokuja wasikie. Siku hiyo walisikia vizuri kabisa. Jina la Fundi lilikuwa la kwanza.

Mama mdogo hakungoja watu watoke. Alinipitia pale mlangoni, akanishika ukosi. "Twende. Nakwenda kumtoa kwa masikio. Miaka kumi na minane halafu anikubalie kusomwa kama mwizi wa kuku!"

"Mama mdogo, ibada haijaisha."

"Kwangu imeisha."

Tulipofika kwa Fundi alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuona sababu ya kubisha hodi, akazungukia uani. Hiyo ndiyo njia aliyokuwa akiitumia miaka yote kabla hajavalishwa kitambaa cha njano. Tukapita chini ya kamba ya nguo, na hapo akasimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni.

Kambani kulikuwa na mashuka tisa na kipande cha mpira wa kutandikia kitanda. Mimi niliona nguo zilizofuliwa. Yeye aliona kitu kingine. Alishika shuka la kwanza, akalitazama kwenye mwanga, akalinusa. Akashika la pili. Yalikuwa yamefuliwa kwa mkono, yamesuguliwa mpaka uzi umelegea katikati, pale pale katikati, yote tisa.

"Nyumba ya watu wawili," akasema, "haichafui mashuka tisa kwa siku."

Halafu akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mama mdogo amenyamaza bila kuwa amelala.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Ndani, Fundi alikuwa amepanda kitandani, goti moja kwenye godoro na mguu mmoja sakafuni, amejifunga ncha ya shuka kiunoni, anamvuta mumewe ageuke. Mumewe tunamwita Mzee Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyekuwa akibeba nondo begani kama mtu anayebeba mwavuli. Sasa mkono wake wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, na mdomo umevutwa upande. Alipotuona aligeuza uso ukutani.

Fundi hakuacha kuvuta. "Kadi iweke hapo chini," akasema bila kugeuka. "Iwakute wenzake."

"Nipe upande mmoja," mama mdogo akasema.

"Usiguse."

"Nipe upande mmoja, utavunja kiuno!"

"Nimesema usiguse mume wangu!"

Akamgeuza peke yake. Ilichukua muda, na sisi tulisimama pale kama viatu vilivyoachwa mlangoni. Alipomaliza alimwekea mto mgongoni, akashuka, akafuta jasho kwa ile futi ya utepe iliyokuwa shingoni.

"Tangu lini?" mama mdogo akauliza.

"Si mna hesabu? Mtoto wa dada yako huyu hapa, mwulize. Tangu Jumapili ya kwanza aliyoniwekea alama. Kiharusi. Daktari kasema ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatoboka mgongo. Ibada yenu inachukua masaa matatu na nusu. Piga hesabu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema." Fundi akachukua simu juu ya cherehani, akabonyeza, akamwekea mama mdogo usoni. Nami nikachungulia. Ulikuwa ujumbe kwa Katibu, wa wiki ya kwanza: Mume wangu ameanguka, upande mmoja haufanyi kazi, siwezi kutoka, naomba kanisa litukumbuke. Na chini yake jibu la Katibu.

"Amina."

Basi. Neno moja. Hata nukta hakuweka, nukta niliyoiona ni uchafu wa kioo.

"Sikujua," mama mdogo akasema. "Haki ya Mungu, hakutuambia."

"Yeye sina haja naye. Wewe ulisimama pale nje mara tatu." Sasa sauti ya Fundi ilishuka, na ilipokuwa chini ilitisha zaidi. "Nilikujua. Unaimba kama mashine zenu. Mara zote tatu nilikuwa nimemshika huyu hivi hivi, siwezi kumwachia. Nikajiambia, yuko Mvuke. Hao wengine wataondoka, Mvuke hawezi kuondoka. Mvuke akikasirika anaingia hata bila hodi, atapita uani, atanitukana, halafu atashika miguu. Nikangoja. Ukamaliza ubeti ukaenda zako."

"Nilidhani umeninunia. Kwa ajili ya lile pindo."

"Pindo!" Fundi akapiga meza ya cherehani, bobini zikaruka. "Miezi mitatu nimelala nimekaa, na wewe una pindo!"

Kutoka ukutani ikasikika sauti nzito, ya ulimi unaoburuta. "Pindo… kweli… lilikuwa upande."

"Wewe nyamaza!" wanawake wote wawili wakasema kwa pamoja.

Nilitaka kucheka nikaona si siku yake. Kwa sekunde moja nilidhani wenyewe watacheka. Hawakucheka. Fundi akaonyesha mlango. "Toka, Mvuke. Mnanisoma kwenye spika mume wangu anasikia, analia na jicho moja maana la pili halifumbi. Toka, na usirudi na watu wako. Hilo kanisa sitalikanyaga tena."

Tukatoka. Njia nzima nilitamani mama mdogo anigombeze hata mimi, kwa lolote.

Kesho yake jioni kulikuwa na kikao cha wazee. Mama mdogo aliingia na sare ya kazini, hajaketi, hajasalimia. Nilikuwepo kuandika kumbukumbu, na naapa niliandika maneno machache kuliko yaliyosemwa. Alitaka jambo moja: spika ile ile iliyomsoma Fundi, Jumapili ijayo, imwombe radhi.

Katibu akakohoa. "Dada, tunakuelewa una uchungu. Lakini hatuwezi kutangaza kosa kwenye kipaza sauti. Huko nje kuna watu wa kila namna, watatuelewa vibaya."

"Mlipolisoma jina lake, hao watu wa kila namna walikuwa wamesafiri?"

"Utaratibu ulifuatwa. Alitembelewa mara tatu."

"Alikuandikia, ukamjibu 'Amina'!"

"Sasa ulitaka nijibu nini? Ilikuwa ni ombi la maombi. Niliitikia."

Nitakuwa mkweli: yule mtu hakuwa anatania. Alimaanisha. Alitutazama mmoja mmoja akitafuta kosa lake ni lipi. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko ubaya, maana mbaya angalau anajua anachofanya.

Mchungaji wetu ni mtu mpole, hapendi kelele, na mara nyingi upole wake unafanya kazi ya pazia. Akainua mkono. "Wapendwa, tusigombane. Tuliombee jambo hili."

"Mchungaji," mama mdogo akasema, "jambo hili lina kilo tisini. Haliombewi tu, linanyanyuliwa."

Wakajadili nusu saa. Na kwa kuwa niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, naweza kuwaambia walichoazimia: kwamba familia ile ipelekewe kadi.

Jumapili iliyofuata, kengele ya kwanza ilipolia, mama mdogo hakuwa kwenye safu ya kwaya. Alikuwa uani kwa Fundi. Wiki nzima, saa ya mapumziko ya mchana, alikuwa akipanda wodini kuwaomba wahudumu wamwonyeshe namna ya kumgeuza mtu bila kumvuta ngozi: magoti yakunjwe kwanza, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, na shuka ndilo livutwe, si mtu. Miaka ishirini na mbili ananyoosha mashuka na hajawahi kujua yanavutwa vipi.

Alimkuta Cheche ameteleza, nusu ya mwili nje ya godoro, Fundi amemkumbatia asianguke. Hapo hapakuwa na nafasi ya kufukuzana. "Kunja goti lake," mama mdogo akasema. "Moja, mbili, vuta." Cheche akarudi katikati ya kitanda kama droo inayofungwa.

"Sasa nenda kanisani," akamwambia Fundi. "Mimi nipo."

"Siendi."

"Basi nenda unakotaka."

Fundi akaenda chumba cha pili, akajilaza juu ya rundo la vitambaa alivyokuwa amekata, akalala masaa manne. Hakufunika hata miguu. Na ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya pili, na ya tatu. Hakumwambia mama mdogo neno zaidi ya "chai iko pale." Na mama mdogo, ambaye Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, hakuomba msamaha kwa maneno, maana hana uzoefu nayo. Alifua yale mashuka. Alifua kama mtu anayepigana.

Nilikuwa nikipita pale baada ya ibada, nawakuta yeye na Cheche wanabishana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Cheche anajibu, polepole. "Mwambie mama yako mdogo… apunguze sauti. Nimepooza… si kiziwi."

"Shemeji, ukiendelea nakugeuza kifudifudi."

Siku moja spika ya kanisa ilipoanza matangazo, Cheche alielekeza kidole cha mkono wake wa kushoto, ule mzima, dirishani. Kile chuma kinachobeba spika mnarani alikichomelea yeye, miaka sita nyuma, bure. "Ningejua," akasema, "ningekigeuza… kitazame makaburini. Wale… hawapoi zaidi." Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Kutoka chumba cha pili Fundi akauliza kuna nini, na hiyo ikawa mara ya kwanza kuuliza kitu.

Huku kanisani minong'ono ilikuwa imeanza. Mvuke naye. Mvuke amepoa. Kamati ikamwendea nyumbani kwake Jumamosi tatu, vitambaa vya njano, beti mbili. Mara ya kwanza alifungua kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza, akawaambia, "Mnanitafuta? Jumapili saa tatu nipo kwa Fundi. Njooni wawili wawili, bila wimbo, na mikono mitupu." Wakatazamana. Fomu haikuwa na sehemu ya jibu kama hilo. Wakamwombea pale pale mlangoni, kisha kiongozi wao akampa kadi. Akampa mkononi! Mama mdogo aliileta kwetu akiipunga hewani. "Soma! Hatukukukuta! Wananitazama usoni, hatukukukuta!"

Ikafika wiki ya kumi na mbili. Nilimfuata kazini kwake, nikamkuta nyuma ya pasi ya roli, nikalazimika kupiga kelele.

"Mama mdogo! Orodha ya Jumapili hii!"

"Nimo?"

"Naweza kukuruka! Hakuna atakayejua!"

"Ukiniruka nitakuruka wewe! Andika! Majina yote matatu, usipunguze hata herufi!"

Nikaandika. Sikulala vizuri lakini nikaandika.

Katibu alilisoma la tatu. Jina lake, la baba yake, la babu yake, ambaye ni baba wa babu yangu, marehemu asiye na kosa lolote. Akainua macho kama kawaida yake. Kisha akaingia kwenye matangazo ya usafi wa uwanja, nani alete fagio, nani alete ndoo. Alikuwa amefika kwenye ndoo mlango ulipofunguka mbele ya meza yangu.

Fundi aliingia na kandambili za nyumbani, futi shingoni, nyuzi zimeganda kwenye blauzi. Kwa mazoea ya ujinga nilishika kalamu niweke alama. Akanipita. Alikwenda katikati ya kanisa mpaka mbele, akamchukulia Katibu kile kipaza sauti mkononi kama anayemnyang'anya mtoto mkasi.

"Dada, karibu sana," Katibu akasema, "lakini kuna utarati—"

"Mmesoma jina la Mvuke," Fundi akasema, na sauti yake ikatoka mnarani ikaenda barabarani. "Mmesema amepoa. Yupo kwangu. Sasa hivi ninavyosema amemshika mume wangu, mkono mmoja begani na mmoja kiunoni, na mmesoma jina lake hana hata mkono wa kuzibia masikio."

Katibu akamfanyia ishara kijana wa mitambo azime. Kijana wa mitambo akaanza kukagua kucha zake.

"Mimi mlinisoma nikanyamaza. Nilisema labda nimestahili, labda sikubisha vya kutosha kwenye milango yenu. Nikaapa sitakanyaga hapa. Lakini huyu! Miezi mitatu anafua uchafu wa mtu asiye ndugu yake, siku yake ya kupumzika, na mimi simsemeshi. Simsemeshi! Nakunywa chai yangu nampa mgongo, na Jumapili inayofuata anarudi. Halafu ninyi mmekaa hapa na daftari mnasema haonekani. Haonekani na nani? Mkitaka kumwona, nyumba ya pili kutoka kona. Piteni uani. Mlango wa mbele umejaa kadi."

Mchungaji alikuwa ameshuka, ametandaza mikono. "Mpendwa, tunamshukuru Mungu umerudi nyumbani."

"Sijarudi, Mchungaji. Nimekuja kusema. Na nina haraka, mgonjwa anageuzwa na watu wawili, nimemwacha mmoja."

Akamrudishia Katibu kipaza sauti, akatoka. Kandambili zake zilisikika mpaka nje, tap, tap, tap.

Spika ilibaki ikivuma. Mchungaji alisimama pale, mikono bado ameitandaza na hakuna mtu ndani yake. Kisha akaishusha. Akavua joho, akaliweka juu ya kiti, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Mchungaji," Katibu akanong'ona, na spika ikanong'ona naye mtaa mzima, "na mahubiri?"

"Rudia matangazo," Mchungaji akasema bila kugeuka.

Nilimfuata. Daftari niliacha mezani. Wanawake wawili wa sauti ya pili nao wakatoka, na mzee mmoja wa kanisa, akijifanya anakwenda kukohoa. Mchungaji alipofika kwa Fundi alielekea mlango wa mbele, nikamvuta koti. Tukapita chini ya mashuka.

Mama mdogo alimwona akiingia na hakushangaa hata kidogo. "Vua koti. Njoo huku, shika miguu. Siyo hivyo! Unamshika kama unambatiza. Chini ya magoti. Haya. Moja, mbili."

Mchungaji alinyanyua. Uso ukamwiva, mishipa ikamtoka shingoni, na shati likachomoka kwenye mkanda. Cheche, ambaye kwa miezi sita hakutaka kuonwa na mtu, alimtazama kwa lile jicho lake lisilofumba.

"Umechelewa," akasema.

Mchungaji alifungua mdomo. Nilidhani ataleta andiko. "Nimechelewa," akasema. "Nimechelewa sana, kaka. Nisamehe." Na alikuwa bado amemshikilia miguu, kwa hiyo hakuweza kufuta machozi, akayaacha yashuke.

Fundi alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hakutabasamu. "Baada ya saa mbili tena," akasema.

Sitaki kuwadanganya kwamba Jumapili iliyofuata Fundi alikuja na joho jeupe. Alilala. Mchungaji aliomba radhi kwenye spika, akataja na ule ujumbe wa simu, Katibu akitazama viatu vyake, na Fundi hakusikia hata neno maana alikuwa usingizini. Watu walianza kwenda kwa zamu, wawili wawili. Wengine walifaa, wengine mama mdogo aliwafukuza kwa kuwa na mikono laini. Kusoma majina hakujafutwa, wazee "wanalitafakari." Mimi siandai tena hiyo orodha, na wakitaka wamtafute mwenye diploma nzima.

Jumapili ya nne Fundi alikuja. Alichelewa, wimbo wa pili umeshaanza, akapenya safu ya kwaya hajamwangalia mtu, akaketi. Mama mdogo akaendelea kuimba akitazama mbele, ila mkono wake ukaanza kusogea taratibu juu ya benchi mpaka ukafika kwenye wa Fundi.

"Usinishike," Fundi akasema. "Bado nimekukasirikia."

"Kasirika," mama mdogo akamjibu, kwa ile anayoiita sauti ya chini, na kanisa zima likageuka. "Kasirika unavyotaka. Lakini nyanyuka kidogo, umekalia kitabu changu."